Salha Anachagua Mchezo

Duka la michezo ya mitumba, barabara ya Freeman, Grimsby.
Saa tisa alasiri na taa za njiani zimeshawashwa.
Nimetoka kiwandani, chewa bado yumo kwenye mikono ya koti,
pauni ishirini mfukoni,
na binti yangu amepanga makasha matatu juu ya zulia
kama mtu anayepiga ramli.

La kwanza, magari yanacheza mpira.
"Dakika tano mechi imekwisha, Baba. Ukifungwa hulii sana."
La pili, watu mia wanadondoka kisiwani, anabaki mmoja.
Nauliza: wale tisini na tisa wanakwenda wapi?
Ananitazama kama nimeuliza maji ya bafuni yanakwenda wapi.
La tatu, ngumi na mateke, mmoja kwa mmoja,
jalada limechanika, bei imekatwa mara mbili.

Mimi nina maswali ya mlipa bili.
Kuna ada ya kila mwezi?
Aliyenunua mavazi ya dhahabu anapiga kwa nguvu kuliko asiyenunua?
Ukishuka daraja unapanda tena, au ndiyo basi?
Na intaneti yetu, ile inayosinzia
Bi Maureen wa chini akiwasha maikrowevu, itaweza?
Salha anajibu yote. Ana daftari.

Swali moja sikuuliza.
Jumanne nilirudi zamu ya usiku kabla ya wakati.
Mlango wake wazi kidogo, na kwenye spika
wanaume, au wavulana walioota ndevu sautini tu.
Walimsikia akisema "kushoto, kushoto,"
wakajua ni msichana.
Waliyoyasema sitayaandika.
Nitaandika alichofanya: alibonyeza kitufe,
akazima maiki,
akashinda kimyakimya
kama mtu anayekula daku asiwaamshe wenzake.

Kwa hiyo nanyanyua kasha la magari.
"Hili zuri. Halitaki maneno. Kuna vialama tu:
Asante. Pole. Nipe pasi."
Najiona baba mwerevu.
Salha ananikazia macho. Anajua kwamba najua.

Sijui kwa nini hapo, katikati ya duka,
nikamsimulia dhumna nyuma ya gereji ya Makorora,
na kaka yangu Hemedi, mdomo cherehani,
ambaye hakuwahi kuweka kete bila kutamba:
*Meza imeshika moto, mwororo toa mkono!*
Mizani kumi na sita, hapunguzi hata moja,
halafu paa! vikombe vinaruka.
Lakini akifungwa alisimama,
akamtaja aliyemfunga kwa jina lake na la baba yake,
akalipia kahawa.
Kutamba kuna adabu zake.
Hawa wako wana midomo, nikasema, tambo hawana.

Salha akarudisha magari kwenye rafu.
Akarudisha kisiwa na wafu wake tisini na tisa.
"Hili la ngumi. Kabla ya pambano maiki zote mbili zinafunguka.
Sekunde kumi."
"Za nini?"
"Za kusikiana."

Pauni kumi na nne. Chenji ikawa chipsi,
siki ikapenya karatasi hadi kwenye daftari lake.

Usiku ule alipigwa mara sita mfululizo.
La saba, kijana mmoja, pua imeziba,
akaanza yale yale.
Sekunde ya tatu. Ya nne.
Mimi jikoni, kitambaa mkononi, natazama kitasa cha mlango wake.
Ndipo nikamsikia, Kiswahili chenye lafudhi ya Grimsby:
"Meza imeshika moto, mwororo toa mkono!"

Kimya.
Kisha yule kijana, taratibu, bila ndevu:
Umesemaje? Hebu rudia.

Sekunde zikawa zimekwisha. Vidole tu vikasikika.

Sikwenda kuangalia nani kashinda.
Niligonga meza mara moja, kwa kiganja,
na Bi Maureen akagonga dari yake.